Taa za kusubiri: kinga ya hasara viwanja vya ndege

WENYE hisa wa Shirika la Ndege la Japan (JAL) waliufungua mwaka 2024 kwa habari mbaya. Shirika lilitangaza makadirio ya hasara ya yen bilioni 15 hivi kutokana na ajali moja, tena iliyotokea chini, si angani.

Jioni ya Januari 2, ndege ya JAL aina ya Airbus A350 ilipokuwa ikitua Haneda, Tokyo, iligonga ndege ya Walinzi wa Pwani iliyokuwa imesimama kwenye barabara ya kurukia kwa sekunde 40 hivi. Watu wote 379 wa JAL walitoka kabla ndege haijateketea. Katika ile nyingine, iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko, watano kati ya sita walikufa.

Mnara ulikuwa umemwagiza rubani wake aende hadi kituo cha kusubiri, na kumwambia kuwa ni namba moja kwenye foleni. Ruhusa ya kuingia hakupewa. Yeye alielewa amepewa.

Usiku, rubani anayetoka kwenye maegesho huona taa za buluu pembeni mwa njia na za kijani katikati. Zote humwonyesha pa kupita. Hakuna inayomwambia simama.

Kazi hiyo hufanywa kwanza na jozi ya taa za njano kila upande wa kituo cha kusubiri, zinazowaka kwa kupokezana mara 30 hadi 60 kwa dakika. Jicho huvutwa na kinachochezacheza, hata rubani akiwa ameinamia makaratasi yake. Hazihitaji mtu wa kuziongoza.

Pili ni mstari wa taa nyekundu zilizofukiwa kwenye lami kukatisha njia. Mnara huuzima ndege inaporuhusiwa. Huu ndio wenye gharama: kuchimba lami, nyaya, na mwongoza ndege wa kubonyeza kila mara. Ndiyo maana viwanja vingi huuwasha wakati wa ukungu tu.

Haneda, mstari huo ulikuwa kwenye matengenezo. Hata ungekuwa mzima, taratibu hazikutaka uwashwe, maana hali ya hewa ilikuwa nzuri.

JAL ilisema ndege yake ilikuwa na bima. Lakini bima ya ndege hailipi nauli za safari zilizofutwa, na barabara ile haikufunguliwa hadi Januari 8.