Nyumba ya kupangisha Ruangwa: Mjengee mwalimu, siyo Simba na Yanga

JULAI 8, 2020 Simba ilikabidhiwa kombe la Ligi Kuu Bara mjini Ruangwa. Mechi yenyewe dhidi ya Namungo iliisha 0-0, lakini siku ile matokeo hayakuwa habari kubwa. Habari ilikuwa kwamba kombe la ubingwa limebebwa zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Uwanja wa Majaliwa, kwenye mji ambao msimu mmoja nyuma haukuwa na timu ya Ligi Kuu.

Siku kama hiyo kila mwenye kiwanja huanza kupiga hesabu. Mabasi ya mashabiki yanaingia, mama lishe anamaliza sufuria mapema, mwenye gesti anajibu simu moja baada ya nyingine. Hesabu inakuja yenyewe: jenga vyumba karibu na uwanja, subiri Simba na Yanga waje, vuna mkwanja.

Ni hesabu tamu, na ndiyo inayowaponza wengi wanaoanza biashara ya nyumba za kupangisha kwenye miji ya soka. Shabiki wa Ruangwa au Nachingwea aliyeweka akiba yake ya korosho, au mchezaji mwenye fedha ya usajili mkononi, anatakiwa kuipiga upya kabla hajanunua tofali la kwanza.

SIKU 15 KATI YA 365

Ligi ya timu 16 inaipa kila timu mechi 15 za nyumbani. Katika hizo, Simba anakuja mara moja na Yanga mara moja. Mechi nyingine zina watu wake, lakini wengi ni wenyeji wanaorudi kulala kwao. Kwa hiyo anayejenga kwa ajili ya mechi anajenga kwa ajili ya siku 15, na kati ya hizo zenye wageni wa kutosha ni mbili.

Tena hata hizo 15 hazina uhakika. Novemba 2021 Namungo iliikaribisha Yanga na kutoka nayo sare ya 1-1, lakini mechi ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini. Mapema mwaka huohuo Wauaji wa Kusini walikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, wakaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi. Mechi zote mbili na Waangola zilipigwa Chamazi, Dar es Salaam. Sifa zilikwenda Ruangwa, wageni walilala Dar.

Halafu kuna kushuka daraja. Msimu wa 2019/20, Namungo ilipomaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la FA, jirani zao Ndanda ya Mtwara walikuwa wanashuka. Miaka miwili kabla Majimaji ya Songea ilikuwa imeshashuka. Timu ikishuka, mwenye nyumba hawezi kushuka nayo. Kuta zimesimama palepale na fundi anadai chake.

NANI ANALALA MJINI JUMATATU?

Swali la kwanza kwa anayeanza si "mechi ijayo ni lini?" Swali ni: Jumatatu, mashabiki wakishaondoka, nani bado anahitaji chumba hapa?

Ruangwa na Nachingwea majibu yapo. Kuna walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, polisi, maofisa ugani na watu wa benki. Nachingwea kuna chuo cha ualimu. Kuna vijana wa maduka, mafundi na bodaboda waliotoka vijijini. Hawa hawaji na skafu shingoni, lakini wanalipa kodi mwezi wa Februari, mwezi ambao hakuna anayeimba jina la mji huo redioni.

Mchezaji naye ni mpangaji, tena mara nyingi analipiwa na klabu. Ila mkataba wake huwa wa mwaka mmoja au miwili, na dirisha dogo linaweza kumchukua katikati ya msimu. Anayepangisha nyumba kwa klabu aandikiwe mkataba na klabu yenyewe, wenye jina la anayesaini, tarehe za kulipa na anayebeba gharama ya mlango ukivunjika. Ahadi ya kiongozi mmoja siyo mkataba, kwa sababu na viongozi wa klabu hubadilika.

Mpangaji wa kila mwezi naye ana masharti yake. Mwalimu anataka chumba na sebule, choo cha ndani kama inawezekana, maji ya uhakika na mita yake ya LUKU. Wapangaji wanne kwenye mita moja ni ugomvi wa kila wiki. Anayejenga vyumba vinne vizuri vyenye tangi la maji anamshinda aliyejenga kumi visivyo na maji.

SOMO LA NACHINGWEA

Nani atabaki mji ukitulia? Nachingwea inalijua swali hilo kuliko mji wowote wa Kusini.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kwenye maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, nyumba zikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani. Aliyeiona Nachingwea wakati ule angeapa kwamba mji huu hautarudi nyuma. Lakini ardhi na mvua havikukubaliana na hesabu za London, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36. Miaka ya 1960 hata reli iling'olewa.

Majengo na mashamba vilivyopata kazi nyingine ndivyo vilivyopona. Farm 17, lililokuwa moja ya mashamba ya karanga, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, na Samora Machel alipita hapo. Leo jina hilo lipo kwenye shule ya sekondari.

Miaka ya karibuni habari ni madini. Ntaka Hill, Nachingwea, iliimbwa kwa nikeli yake. Leseni ikafutwa mwaka 2018, wawekezaji wakaishtaki serikali, na mwaka 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa likawapa zaidi ya dola milioni 109. Mgodi wenyewe haukuwa umefunguliwa. Aliyejenga apatimenti akiwasubiri wahandisi wa nikeli alisubiri sana. Ruangwa nako kuna miradi ya madini ya kinywe, na baadhi imetembea kuliko mingine. Mwekezaji mchanga afurahie mgodi siku wafanyakazi wanapoanza kutafuta vyumba, siyo siku ya kutangazwa.

Somo ni kujenga nyumba inayoweza kubadilisha mpangaji. Vyumba vyenye milango yake na vyoo vyake anaweza kuingia mchezaji leo, nesi kesho, na karani wa ghala keshokutwa. Gesti ya vyumba 20 yenye baa katikati, mashabiki wasipokuja, ni vigumu kumpa mwalimu mwenye watoto.

HESABU YA VYUMBA VINNE

Chukua mfano rahisi, namba ni za kujifunzia tu. Mtu ana vyumba vinne, kila kimoja Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni Sh1,920,000. Wengi huishia hapo na kuanza kushangilia.

Sasa ondoa. Kila chumba kikikaa wazi miezi miwili kwa mwaka, mpangaji ametoka na mwingine hajaingia, imeondoka Sh320,000. Inabaki Sh1,600,000. Toa kodi ya pango ya asilimia 10, Sh160,000. Toa matengenezo ya angalau kodi ya mwezi mmoja, bati, kitasa, rangi na shimo la choo, Sh160,000 nyingine. Mkononi inabaki Sh1,280,000.

Kama kiwanja na ujenzi vilimgharimu Sh16 milioni, fedha yake inarudi baada ya miaka 12 na nusu. Hapo hajamlipa dalali, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021 haijahesabiwa.

Miaka 12 na nusu ni mirefu kuliko muda ambao wachezaji wengi hukaa Ligi Kuu. Ndiyo maana nyumba ya kupangisha haifai kuanzwa mchezaji akiwa na miaka 33, goti limeshachoka na ofa zimekata. Inaanzwa na mkataba wa kwanza, kidogokidogo: kiwanja msimu huu, msingi msimu ujao, kupaua baadaye. Na hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini mkopo wa riba kubwa ni hatari kwa anayeanza. Nyumba inayoingiza asilimia nane kwa mwaka haiwezi kulipa mkopo wa asilimia 18.

KARATASI KWANZA

Kwenye miji midogo watu wanafahamiana, na kufahamiana ndiko kunakowafanya wanunue kiwanja kwa kupeana mikono. Kisha muuzaji anafariki, wanawe wanarudi kutoka Dar, na ugomvi unaanza.

Kabla ya kulipa, anayenunua aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kama kiwanja kimepimwa, kina namba gani na kiko kwa jina la nani. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji inasaidia kama ushahidi, lakini siyo hati. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe. Mwenza wa muuzaji naye asikike na asaini. Majirani wa pande zote nne waitwe kwenye mipaka, na nguo isivuliwe kabla mto haujaonekana.

MSIMU WA KOROSHO

Jambo la mwisho ni kalenda. Ruangwa, Nachingwea na Liwale zinauza korosho zao kupitia chama kikuu cha ushirika cha Runali, kwa minada inayoanza mwishoni mwa mwaka. Fedha ikiingia, mji unachangamka na vyumba vinatafutwa. Ila msimu huohuo kila mtu anajenga, mafundi wanagombewa na bei ya tofali haikai chini. Aliyenunua bati na nondo zake mapema, kwa fedha ya ufuta ya katikati ya mwaka, anajenga kwa utulivu.

Msimu nao unaweza kugoma. Novemba 2018 Rais John Magufuli alikataa bei za wanunuzi, serikali ikanunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyepanga kupaua Desemba ile alibaki na kuta. Mpangaji anayetegemea korosho naye alichelewesha kodi.

Dawa yake ni kuchanganya kikosi. Vyumba vinne visipangishwe vyote kwa watu wa korosho, wala vyote kwa wachezaji wa timu moja. Mwalimu mmoja, nesi mmoja, mfanyabiashara mmoja na mchezaji mmoja: akikwama mmoja, watatu wanalipa. Kodi ya miezi mitatu hadi sita mbele, mkataba wa maandishi, na risiti kila fedha inapopokelewa.

Simba na Yanga waje, washangiliwe au wazomewe, waondoke. Anayetaka kula fedha yao siku hiyo auze maji, skafu na nyama choma. Nyumba aiachie wale watakaoamka Ruangwa kesho yake asubuhi kwenda kazini.