Kabla ya Memphis Kulikuwa na Calhoun

Mashabiki wa kikapu nchini Tanzania hawajamaliza kubishana kuhusu Hasheem Thabeet. Juni 2009 kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, aliitwa wa pili, na timu ya Memphis, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden, huku Stephen Curry akiwa bado anasubiri jina lake. Alistahili au hakustahili? Ubishi huo unamruka mtu mmoja. Kabla ya Memphis kulikuwa na misimu mitatu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na timu ya chuo hicho ilikuwa chini ya mzee mkali, mwenye lafudhi nzito ya watu wa Boston na sauti iliyofika hadi kiti cha mwisho jukwaani. Jim Calhoun alimpokea kijana aliyeanza kudundisha mpira akiwa tayari na miaka kama 15, na akamfanya mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009.

Kazi ya mzee huyo ndiyo mada yangu, kwa sababu huku kwetu haina mfano wake.

Ligi zetu zimetuzoesha kocha anayepokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na matarumbeta, kisha kibarua chake kinaota nyasi kabla ya Krismasi. Wachezaji anawakuta, na wengi anawaacha. Katika vyuo vya Marekani wapitaji ni wachezaji. Mwanafunzi ana misimu minne tu ya kucheza, na mwenye kipaji kikubwa huaga baada ya mmoja. Kocha akishinda hubaki. Mike Krzyzewski alikaa Duke tangu 1980 hadi 2022. Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wanawake ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi, akifua jezi za timu mwenyewe. Alipong'atuka 2012 alikuwa ametwaa ubingwa wa taifa mara 8. Sura ambayo chuo kinaiuza kwa mashabiki, kwa wahitimu wenye fedha za kuchangia na kwa wazazi ni ya kocha.

Calhoun hakuingia katika kazi hii kwa mlango wa mbele. Alizaliwa 1942 huko Braintree, kusini mwa Boston. Baba yake alifariki kwa maradhi ya moyo yeye akiwa na miaka 15. Alikwenda chuo kwa ufadhili wa kikapu, akaacha baada ya miezi michache ili asaidie nyumbani. Alichonga mawe ya makaburi, akahudumu kituo cha mafuta, akafanya kazi kwenye kiwanda cha shampuu. Aliporudi darasani alikwenda American International College, kilichopo Springfield, mji uleule ambako James Naismith alibuni mchezo wa kikapu mwaka 1891. Hapo akawa nahodha.

Ngazi aliyopanda baadaye ndiyo waliyopanda makocha wengi wa kizazi chake: ualimu wa sekondari unaokwenda sambamba na kufundisha timu ya shule, kisha chuo kidogo, kisha kikubwa. Northeastern, chuo cha Boston, kilimchukua mwaka 1972. Alikaa huko miaka 14, akashinda mechi 248 na kumlea Reggie Lewis, ambaye baadaye angekuwa nahodha wa Boston Celtics. Miaka 14 katika timu ambayo haionekani kwenye televisheni ni mingi. Wengi huishia hapo, na si kwa kukosa uwezo. Simu ya chuo kikubwa haikulia tu.

Ya Calhoun ililia 1986. Connecticut ilikuwa mwanachama wa Big East tangu ligi hiyo ianzishwe 1979, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ikipigwa. Kampasi yake iko Storrs, eneo la mashamba kaskazini-mashariki mwa jimbo. Chuo chenyewe kilianza 1881 kama shule ya kilimo, na ng'ombe wake wa maziwa bado wana sifa yao. Wapinzani walikuwa Georgetown ya Washington, St. John's ya New York, na Syracuse iliyojaza maelfu kwa maelfu ya watu chini ya paa moja. Msimu wa kwanza Calhoun alishinda mechi 9 na kupoteza 19.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya kazi ambayo televisheni haiioneshi. Mechi ya wanaume vyuoni huchezwa dakika 40, na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu mazoezi yasiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Saa nyingine zote za kocha zinaliwa na kutafuta vijana. Enzi za Calhoun chuo kilikuwa na nafasi 13 za ufadhili kwa timu ya kikapu ya wanaume, na kila mwaka tatu au nne zilikuwa wazi. Kocha na wasaidizi wake walizunguka majumba ya michezo ya sekondari na mashindano ya kiangazi, wakakaa sebuleni na kina mama, wakaandika barua, wakapiga simu. NCAA ilipanga hata siku za kuruhusiwa kumtembelea kijana na idadi ya simu za kumpigia. Kocha bora wa mbinu asiyeweza kumshawishi mama mmoja wa Brooklyn atapoteza mechi kwa kocha wa wastani anayeweza. Najua walimu wenzangu wa mbinu hawaipendi kauli hii.

Storrs haikuwa na cha kumvutia kijana wa mjini, kwa hiyo Calhoun alianza na vijana wa New England ambao vyuo vikubwa vilikuwa vikiwabeba, kisha akatazama mbali. Nadav Henefeld alimtoa Israel, na kwa mikono yake myepesi ya kupora mipira Connecticut ikashinda mechi 31 msimu wa 1989–90. Msimu huohuo Tate George alifunga dhidi ya Clemson kwa mpira uliorushwa kutoka mwisho mwingine wa uwanja sekunde moja kabla ya filimbi. Watu wa Connecticut wa rika hilo wanajua walikuwa wameketi wapi. Akaja Doron Sheffer, Mwisraeli mwingine, kisha Ajou Deng, kaka yake Luol Deng, kutoka Sudan Kusini ya leo. Thabeet, aliyemalizia sekondari Houston, alifika 2006 kupitia njia iliyokuwa imekwishalimwa.

Njia hiyo haikuwa ya Calhoun peke yake. Mpinzani wake John Thompson wa Georgetown, kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA, mwaka 1984, aligundua kwamba chuoni kwake kuna Mkongo mrefu kutoka Kinshasa aliyefika 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akitaka kusomea udaktari. Huyo alikuwa Dikembe Mutombo.

Kwa nini makocha hawa waliwatamani hivyo warefu, hata wasio na mikono ya kufunga? Timu za Calhoun zilicheza kwa kasi, na walinzi wake wa mbele walimbana mwenye mpira mbali na kikapu. Ubanaji wa namna hiyo ni wa hatari, maana ukipitwa hatua moja mtu anakwenda kufunga bila bughudha. Nyuma yao akisimama mtu wa futi saba, hatari inapungua: aliyepita anakutana na mkono, mtupo unazuiwa, mpira unaokotwa na shambulio la haraka linaanza. Thabeet alizuia zaidi ya mitupo minne kwa mechi katika kila msimu wake wa pili na wa tatu, lakini hesabu hiyo haioneshi mitupo ambayo wapinzani hawakuthubutu kuirusha. Emeka Okafor alifanya kazi ileile kabla yake. NBA, yenye watupaji wazuri zaidi wa mbali na uwanja uliotanuliwa, haikuwa na haja hiyohiyo. Kwa hiyo jibu langu kwa ubishi wa mwanzo ni kwamba Calhoun alimweka Thabeet mahali ambapo nguvu zake zilikuwa na maana kubwa, na Memphis ikanunua bidhaa bila kununua duka.

Ubingwa wa kwanza wa Calhoun ulikuja 1999, Connecticut ilipoiangusha Duke ya Krzyzewski 77–74 katika fainali ambayo karibu kila mtu aliipa Duke. Richard Hamilton alifunga pointi 27. Wa pili ulikuja 2004, wa Okafor na Ben Gordon, mwaka ambao timu ya wanawake ya chuo hichohicho chini ya Geno Auriemma nayo ilitwaa wake. Wa tatu, wa 2011, nauona kuwa kazi yake bora. Timu ilikuwa imemaliza mechi za ligi kwa ushindi 9 na vipigo 9, kisha ikashinda mechi tano kwa siku tano mfululizo katika mtoano wa Big East, na sita nyingine za taifa, Kemba Walker akiibeba. Fainali dhidi ya Butler, 53–41, ilikuwa mbaya kuitazama. Calhoun alikuwa na miaka 68. Hakuna kocha mzee kuliko yeye aliyekuwa ametwaa ubingwa huo.

Wiki chache kabla ya fainali hiyo, Februari 2011, NCAA ilikuwa imemtia hatiani. Kosa lilihusu kijana ambaye Connecticut ilimtafuta kwa udi na uvumba: simu na ujumbe mfupi kupita kiasi kinachoruhusiwa, na dalali wa wachezaji, aliyewahi kuwa msaidizi wa timu, aliyempa kijana msaada uliokatazwa. Kijana mwenyewe alifukuzwa chuo kabla ya kucheza hata mechi moja. Calhoun alifungiwa mechi tatu kwa kutojenga mazingira ya kufuata kanuni. Isitoshe, alama za masomo za wachezaji wake zilikuwa zimeshuka hadi timu ikazuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya 2013, yeye akiwa amekwishastaafu. Waliolipa ni vijana waliobaki. Siwezi kuliita hilo bahati mbaya. Mfumo unaompa mtu mmoja mamlaka juu ya nani aingie, nani acheze na nani apate ufadhili, halafu unampima kwa mechi alizoshinda, huzaa simu za namna hiyo.

Halafu kuna fedha. Februari 2009, uchumi ukiwa umeporomoka na bajeti ya jimbo ikiwa na pengo kubwa, Calhoun aliulizwa baada ya mechi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6, uliomfanya kuwa mtumishi wa umma anayelipwa zaidi jimboni. Alifoka kwamba hatarudisha hata senti, na kwamba timu yake inaingizia chuo mamilioni. Kwa hesabu za kibiashara alikuwa na hoja. Hakutaja kwamba waliozalisha mamilioni hayo walikatazwa kulipwa. Mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyesajiliwa na Calhoun na kuiongoza Connecticut kutwaa ubingwa mwingine chini ya Kevin Ollie, aliwaambia waandishi kwamba usiku mwingine alilala njaa. Muda mfupi baadaye NCAA ikaruhusu vyuo kuwalisha wachezaji bila kikomo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kuuza majina na picha zao kwa matangazo. Mwaka huohuo waliruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kocha aliyekuwa akisajili wanne kwa mwaka sasa anaweza kusajili timu nzima upya kila masika, na maswali ya sebuleni yamebadilika. Tony Bennett, bingwa wa 2019 na Virginia, aliacha kazi Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, akisema waziwazi kwamba hafai tena kwa mazingira haya. Vyuo vingi vimeanza kuajiri mameneja wa mikataba, ili kocha arudi kwenye ubao wake.

Calhoun mwenyewe alichagua upande mwingine. Alipostaafu Connecticut mwaka 2012 alikuwa na ushindi 873, na alikuwa ameugua saratani zaidi ya mara moja. Kisha chuo kidogo cha Saint Joseph, huko West Hartford, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa cha wanawake, kikaamua kupokea wanaume na kikamwomba aanzishe timu. Mwaka 2018 alirudi kwenye benchi akiwa na miaka 76, katika daraja la tatu, ambako ufadhili wa michezo hauruhusiwi. Ushindi wake wa 900 aliupata huko, akiwafokea vijana wanaojilipia ada.