Msonge kama Nadharia Tete: Ujenzi Upya wa Makazi ya Zama za Chuma katika Shamba la Butser

Makala hii inajadili namna makumbusho ya wazi yanavyoweza kuwa nyenzo ya utafiti, badala ya kuwa mahali pa maonyesho tu. Mfano unaotumika ni Butser Ancient Farm, mkoani Hampshire, kusini mwa Uingereza, shamba lililoanzishwa mwaka 1972 na kuongozwa na mwanaakiolojia Peter Reynolds hadi alipofariki mwaka 2001.

Tatizo la msingi ni uhaba wa ushahidi. Makazi ya Zama za Chuma, ambayo kwa mazoea huitwa ya Wakelti, yalijengwa kwa miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo huoza. Mara nyingi mchimbaji hukuta mashimo ya nguzo tu: umbo la sakafu analo, kuta na paa hana. Kwa hiyo, kila msonge unaojengwa upya ni nadharia tete inayosubiri kupimwa.

Mwaka 1976 Reynolds alijenga msonge wenye kipenyo cha takribani mita 13, akifuata mashimo yaliyofukuliwa Pimperne, Dorset. Wengi walidhani kwamba nyumba ya namna hiyo ilihitaji tundu la moshi kileleni. Majaribio yalionyesha kinyume chake: moshi hupenya taratibu katika nyasi za kuezekea, ilhali tundu huvuta hewa, moto ukachachamaa na cheche zikafika paani.

Mashimo ya nafaka nayo yalijaribiwa. Shimo likijazwa ngano na kuzibwa kwa udongo, punje zinazogusa unyevu wa kingo huanza kuchipua, humaliza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Hapo punje zilizobaki hutulia, zikahifadhika majira yote ya baridi.

Hata hivyo, jaribio lililofaulu huthibitisha kuwa jambo liliwezekana. Halithibitishi kuwa ndivyo lilivyofanyika. Hata jina lenyewe lina utata, kwani waandishi wa kale wa Kiyunani na Kirumi waliwaita Wakelti watu wa bara la Ulaya, si wakazi wa kisiwa cha Britania.

Hivyo basi, makumbusho yanawajibika kumtenganishia mtazamaji kilichofukuliwa, kilichojaribiwa na kilichokisiwa. Msonge wa Pimperne ulibomolewa mwaka 1990, na ubomoaji huo nao ukawa sehemu ya uchunguzi.