Soko ya Kadutu: pesa ikiwa kidogo, unga usitangulie

Bukavu. Mama anayepanda kwenye soko ya Kadutu na franka elfu kumi ndani ya kitambaa anajua mbele ya kufika ni nini itakula ile pesa. Unga wa bugali ndio unanunuliwa wa kwanza, kisha makala, kisha chumvi, mafuta kidogo na tomati tatu. Kinachobakia ndicho cha mboga. Siku pesa inapungua, unga haupungui, mboga ndiyo inapungua. Watoto wanakula, wanashiba, wanalala. Lakini kisha miezi fulani mmoja wao anaanza kuvimba miguu, nywele zinageuka rangi, hataki tena kucheza na wenzake. Hapa Kivu ule ugonjwa haukosi jina: ni bwaki.

Wengi wanafikiri bwaki ni ya nyumba yenye kukosa chakula kabisa. Si hivyo. Inaingia hata mahali bugali iko kwenye sahani kila siku, sababu kujaza tumbo na kulisha mwili ni mambo mawili. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 1 ao 2 tu. Gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20, karanga karibu 25, na soja inapita 30. Waganga hawajamaliza kueleza sababu zote za bwaki, lakini mara nyingi mtoto mwenye kuipata ni ule aliyeishi miezi mingi na chakula cha aina moja. Basi kwa mwenye pesa kidogo, swali la soko si bei peke yake. Ni kitu gani kinanunuliwa cha kwanza.

Maharagi ndiyo ya kuanza nayo, na hapo ndipo mtu anakutana na gigozi. Ile kopo, ambayo jina lake linatoka kwa maziwa ya watoto ya Guigoz, ndiyo kilo ya soko yetu. Hakuna mizani, kuko macho. Na macho yanadanganywa kwa urahisi. Kuko gigozi iliyopigwa chini mpaka sehemu ya chini ikaingia ndani. Kuko iliyobonyezwa pembeni. Kuko ile ambayo muuzishaji anashika na vidole viwili ndani wakati wa kupima, na kuko ile inayojazwa haraka haraka ili mbegu zisishuke. Kabla ya kusema bei, chukua kopo, igeuze, angalia chini yake. Muuzishaji mwenye kipimo kizuri hatakasirika. Mwenye kukasirika, mwache, pita kwa mwingine. Tena uliza kama anapima kwa mlima ao kwa kusawazisha, sababu bei ndogo ya gigozi iliyosawazishwa inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya ile yenye mlima. Na nyongeza usiiache: mkono mmoja wa maharagi juu ni haki ya kiliya tangu zamani.

Kununua kwa kikombe kunaonekana rahisi, lakini mwenye pesa kidogo ndiye analipa zaidi. Chukua mfano, si bei ya leo: kama kikombe ni franka 700 na vikombe vinne vinajaza gigozi, umelipa 2.800. Gigozi nzima labda ingekuwa 2.400. Zile 400 ni fungu la lengalenga. Ndiyo maana wamama wengine wa mtaa wanafanya likelemba ya chakula badala ya pesa. Watano ao sita wanachanga, wananunua mfuko mmoja, wanagawanya nyumbani kwa kopo moja ambayo kila mtu ameiangalia. Ugomvi hautakosa, hasa kwa ile ya mwisho ya mfuko. Lakini faida inabaki.

Rangi ya maharagi inabadilisha bei, haibadilishi sana chakula kilicho ndani. Maharagi ya mchanganyiko, ambayo wengi wanayadharau, mara nyingi ni ya bei ya chini na yanalisha sawasawa. Kile cha kuogopa ni ya zamani: yenye matundu ya wadudu, yenye vumbi, yenye ganda lililokwisha kukauka sana. Hayo yanakula makala. Maharagi yaliyolala usiku ndani ya maji yanaiva mbio zaidi. Mwaga yale maji, weka mengine. Makala unayookoa ni pesa ya soko ya kesho.

Samaki sasa. Sambaza si wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio nyama ya maskini wa Bukavu na Goma. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri, sambaza wanapungua na bei inapanda. Mwenye kujua hivyo ananunua wabichi usiku zikiwa na giza, anawakausha, anangojea. Sambaza ao ndagala wakavu wa kikombe kimoja wanatosha mara kadhaa, tena wanaliwa na kichwa na mifupa, kitu ambacho kinasaidia mifupa ya mtoto. Kwa mtoto mdogo, watwange mpaka wawe unga, kijiko kimoja ndani ya uji. Mbele ya kulipa, sugua wachache katika mkono: mchanga ukibaki, unanunua mchanga. Wabichi, angalia jicho na harufu, hasa jioni wakati bei inashuka.

Jioni ni saa nzuri kwa majani. Mama aliyeshuka na mzigo kutoka Kabare ao Walungu hataki kurudi nao, na fungu la saa kumi na moja ni kubwa kuliko la asubuhi. Lengalenga na matembele zinaiva upesi. Sombe inaomba kutwangwa na kuchemka muda mrefu, bila haraka, sababu ikiwa mbichi ina sumu. Kijiko cha mawese nyekundu ndani ya majani kinaleta vitamini A. Wale wanaochoma mafuta mpaka yawe meupe wanaiharibu.

Kuhusu masoso, yaani mahindi, soja na sorgho, jina lenyewe linasema kilicho ndani. Lakini unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi soja ni ngapi. Afazali kununua mbegu, kukaanga soja vizuri, sababu mbichi inazuia tumbo kutumia protini yake, kisha kupeleka yote kwenye mashini. Sehemu mbili za mahindi, moja ya sorgho, moja ya soja: uji wa hivyo mtoto ataukubali.

Unga wa bugali unakuja nyuma ya hayo yote, na kwa pesa iliyobakia. Watu wazima ndani ya nyumba watanungunika siku za kwanza, hasa baba.

Mtoto ambaye amekwisha kuvimba, soko haimponyeshi. Bonyeza kidole gumba juu ya kila mguu wake, hesabu mpaka tatu, ondoa. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Asilishwe kwanza nyama ao maharagi mengi nyumbani kwa kutaka kurudisha nguvu: mwili wake hauwezi kuyabeba, na kule kuna maziwa ya kipimo chake.