Sh1.6 milioni kwa Datsun 240Z: bei ya haki au tunapigwa?

Jumatano moja, saa kumi na moja jioni, mwenzetu hapa ofisini alikuwa ameshaingiza namba ya simu na kiasi cha Sh50,000. Kilichobaki ni PIN tu. Pesa hiyo ilikuwa arbuni ya kushikia gari: Datsun 240Z ya mwaka 1972, iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba moja Kibokoni, Mji wa Kale. Bei yote Sh1.6 milioni. Muuzaji alisema kuna mtu anateremka na SGR kutoka Nairobi kesho, pesa ziko tayari, kwa hivyo arbuni iingie kabla ya Magharibi, la sivyo gari limekwenda.

Nusu ya hizo 1.6 milioni ni akiba ya miaka minne. Nusu nyingine ni mkopo wa sacco ambao bado haujatoka.

Tulimwomba asubiri dakika kumi. Zikawa siku tatu. Tunaandika yaliyotokea kwa sababu arbuni ya kushikia kitu ni mojawapo ya malipo ambayo watu huyajutia, wakatupigia simu, na sisi hatuna la kuwafanyia. Ukituma pesa kwa hiari yako, kwa namba uliyokusudia, hilo si kosa la namba. Ombi la kurudishiwa halina nguvu kama aliyepokea amekataa.

Hadithi ya muuzaji

Tuwe wakweli, gari lenyewe linavutia. Boneti ndefu, mgongo umeinama, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Na hapa Kenya 240Z si gari geni. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda tena na 240Z. Hata leo utaziona kwenye mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, ambayo yalianza 2003 na mara kadhaa yamemalizikia huku kwetu pwani.

Muuzaji anayajua haya yote, na anayauza. "Ndugu yangu, gari hii ilikimbia Safari," alimwambia mwenzetu. Labda ni kweli. Lakini gari lililokimbia Safari huwa na ushahidi: picha zenye namba ya mashindano na namba ya usajili zikionekana pamoja, karatasi za ukaguzi, jina la dereva kwenye orodha ya walioingia. Tulipouliza, kulikuwa na stika moja ya zamani kwenye kioo. Stika hununuliwa. Hadithi isiyo na karatasi isikilize kwa raha yako, ila usiilipie.

Kisha akatoa simu na kuonyesha picha ya mtandao: 240Z ya mwaka 1971 iliyouzwa Marekani kwa dola 310,000. Hiyo nayo ni kweli. Iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni Januari 2020 na habari zake zilienea sana. Lakini lile lilikuwa gari la maili chache, usukani kushoto, lililotunzwa kama yai, na walioshindana kulinunua ni watu wenye pesa za kuchezea. Wewe unanunua gari lililokaa chini ya turubai karibu na bahari.

Kuna jambo jingine linaloichanganya bei hapa nyumbani. Kanuni za Kenya haziruhusu gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingia kama bidhaa ya kawaida, wala la usukani wa kushoto. Kwa hivyo meli za magari zinazoteremsha mzigo Kilindini kila mara haziongezi hata 240Z moja sokoni. Zilizopo ndizo hizo hizo, zinahama mkono hadi mkono. Uchache huo unapandisha bei, muuzaji hajakosea. Ila uchache huo huo unakuumiza ukishanunua: kioo kikivunjika hakuna duka la spea Mwembe Tayari litakalokupa kingine siku hiyo. Utaagiza nje, ulipe usafiri na ushuru, na ungoje.

Sumaku ya friji

Alhamisi asubuhi tulikwenda na fundi wa bodi kutoka Shimanzi. Si makanika wa injini. Wengi hukosea hapo, wanapeleka mtu wa injini kusikiliza mngurumo. Injini ya gari hili inatengenezeka na fundi yeyote mzoefu. Kinachokula pesa ni bodi, na kisiwani kinachokula bodi ni chumvi. Upepo wa bahari unaipeleka kila mahali, na gari lililofunikwa turubai huhifadhi unyevu ndani kama chakula kwenye hotipoti.

Fundi alikuja na sumaku ya friji aliyoizungushia kitambaa ili isikwaruze rangi. Bodi ya 240Z ni ya bati la chuma, kwa hivyo sumaku inatakiwa ishike kila mahali. Kwenye milango ilishika. Kwenye boneti ilishika. Nyuma ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto, ikaanguka chini. Akairudisha, ikaanguka tena. Pale hakuna bati, kuna fila iliyopakwa rangi juu yake.

Kisha akalala chini. Sehemu za kuangalia kwenye gari hili zinajulikana na wapenzi wake dunia nzima: chini ya betri, ambako asidi ikivuja hutoboa bati, sakafu, hasa pale miguu inapokaa, vibaraza vya chini ya milango, na mihimili miwili inayopita chini ya gari kutoka mbele. Mihimili ndiyo mifupa. Ikioza, kulinyoosha gari tena ni kazi ya miezi. Hapa ilikuwa imepakwa lami nyeusi, mpya kabisa. Fundi aliigonga na bisibisi mara mbili tatu, akasikiliza, akasema upande mmoja uko sawa na wa pili una kiraka. Hakusema mengi zaidi. Alijipangusa vumbi, akaanza kuandika hesabu.

Sisi tungeongeza moja: mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti. Letu lilikuwa na joto. Injini yenye kabureta mbili zisizolingana husumbua asubuhi ikiwa baridi, na aliyeiwasha mapema amekuficha hapo hapo.

Namba tatu

Gari la kale lina thamani ya kuwa lile lile lililotoka kiwandani. Kwa hiyo kuna namba tatu za kulinganisha: ya chesisi, ya injini, na zile zilizoandikwa kwenye logbuku.

Namba ya chesisi ya 240Z imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dereva. Ya usukani wa kulia huanza na HS30; ile ya usukani wa kushoto huanza na HLS30. Ukiikuta HLS30 kwenye gari lenye usukani kulia, simama hapo hapo na uulize maswali mengi. Letu lilikuwa HS30 na lilifanana na logbuku. Hapo tulipumua.

Kwenye injini mambo yakawa mengine. 240Z ilitoka na injini ya L24, yenye cc 2,393. Hii ilikuwa imegongwa L28, injini kubwa zaidi iliyokuja baada ya gari hili kutengenezwa. Kwa kuendesha si mbaya, hata wengine wanaipenda zaidi kwa sababu ina nguvu. Lakini logbuku bado inasema namba ya injini ya zamani, maana yake mabadiliko hayakuandikishwa, na wewe mnunuzi ndiye utakayepeleka gari kukaguliwa na kurekebisha rekodi. Na bei ya "haijaguswa tangu kiwandani" haiwezi kuombwa tena.

Namba ya usajili nayo inasema kitu. Plate za Kenya zenye herufi ya mwisho zilianza mwishoni mwa miaka ya 80, kwa hivyo gari la 1972 lililosajiliwa hapa likiwa jipya halina herufi hiyo. Likiwa nayo si lazima iwe wizi, lakini muuzaji aeleze lilikuwa wapi miaka yote hiyo.

Hesabu yenyewe

Watu huuliza bei ya haki ni ngapi kana kwamba iko kwenye kitabu. Kwa gari kama hili haiko. Unaitafuta kwa kurudi nyuma: anza na gari zuri kabisa la aina hiyo, linalotembea, lenye karatasi safi, uliza watu waliouza na walionunua kweli. Usiulize wanaotangaza, maana bei ya tangazo ni matumaini ya mtu. Wenye magari haya hukutana kila mwaka Nairobi kwenye Concours d'Elegance, uwanja wa farasi wa Ngong Road, na ni watu wanaopenda kuongea. Ukimuuliza mwenye gari bodi ilimla ngapi, utamsikiliza hadi jua lizame.

Tuseme umeambiwa gari safi ni Sh2.2 milioni. (Usiichukue kama bei ya soko, tumeiweka ili hesabu ieleweke.) Fundi ameandika bodi na mihimili 450,000, rangi 200,000, breki, tairi na raba zote 180,000, kabureta 60,000. Jumla 890,000. Ondoa kwenye 2.2 milioni, zinabaki 1,310,000. Lakini gari la zamani likifunguliwa hutoa mapya, kwa hivyo weka akiba ya asilimia 20 ya matengenezo, yaani 178,000. Umebaki na 1,132,000. Na hapo injini iliyobadilishwa bado hujaihesabia.

Sasa itazame ile 1.6 milioni. Ukiilinganisha na 2.2 ilionekana kama umeokota. Ukiongeza matengenezo, mwenzetu angelipa karibu 2.5 milioni kwa gari lenye injini isiyo yake.

Jina kwenye simu

Hili ndilo tulitaka kulisema tangu mwanzo. Unapotuma pesa, kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji hutokea. Soma jina hilo na usome jina kwenye logbuku. Siku ile ya Jumatano jina lililotokea lilikuwa la muuzaji. Jina la kwenye logbuku lilikuwa la mtu mwingine, wa ukoo huo huo.

"Ni marehemu baba mdogo," alisema muuzaji. "Aliniachia mimi."

Tukiwa bado uani, bibi mmoja alitoka jikoni na sahani ya mahamri, akatukaribisha, akauliza tunataka nini na hilo gari. Tulipomweleza akamtazama muuzaji, kisha akamgeukia mwenzetu. "Mwanangu, gari hii si ya huyu peke yake. Warithi tu sita."

Hakukuwa na ugomvi. Muuzaji aliinamisha kichwa. Hatudhani alikuwa mwizi. Alichoka kuliona likioza, na alikuwa na shida ya pesa. Lakini umiliki wa gari huhamishwa kupitia mfumo wa NTSA kwenye eCitizen: mwenye gari huanzisha, mnunuzi hukubali. Marehemu hawezi kuanzisha chochote. Mpaka warithi wapate amri ya mahakama inayowapa mamlaka juu ya mali, na kwa Waislamu hiyo inaweza kuwa Mahakama ya Kadhi, ungekuwa umenunua bati, injini na ruhusa ya kuliangalia. Sahihi ya mpwa mmoja kwenye karatasi ya mauziano haizifungi mikono ya wengine watano.

Ikifika siku ya kulipa kweli, kumbuka simu ina mipaka yake. Kwenye M-Pesa, kwa mfano, tangu Agosti 2023 muamala mmoja ni hadi Sh250,000 na kwa siku Sh500,000. Gari la zaidi ya milioni haliwezi kulipwa kwa siku moja kwa njia hiyo, na wauzaji wengine hutumia hilo kukuambia ugawanye, leo nusu, kesho nusu, gari utapewa ukimaliza. Ukigawanya, kila awamu iwe imeandikwa kwenye mkataba, iende kwa majina yaliyo kwenye amri ya mahakama, na sehemu kubwa ibaki mpaka jina lako litokee kwenye mfumo. Kwa kiasi kama hicho sisi wenyewe tungekushauri upite benki, ingawa tunapoteza ada.

Mwenzetu aliwaambia familia kwamba atatoa Sh1.05 milioni wakipata karatasi, bila arbuni. Bibi alisema watakaa wote sita Ijumaa baada ya swala. Yule mtu wa Nairobi hatukumwona. Sh50,000 ziko kwenye akaunti ya akiba, gari bado liko Kibokoni, na turubai wamelitoa ili upepo upite.