Thimlich Ohinga: Boma la Wenyeji Wengi

Wabuddha wapandao kilima cha Mihintale, nchini Sri Lanka, huvua viatu kabla ya kukanyaga mahali patakatifu. Tajiri huvua, na maskini huvua. Kilima kina adabu zake, na mgeni hana budi kuzishika. Huku kwetu nako kuna vilima vyenye adabu zake, ila wengi wetu huvipita bila hata kugeuza shingo.

Nilipokuwa likizoni nyumbani Kegonga, niliwaarifu jamaa zangu kwamba nakusudia kuzuru Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo juu ya kilima, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Mpwa wangu, kijana aliyesoma, akacheka. "Mjomba, hayo ni mawe ya Wajaluo. Sisi Wakuria yatuhusu nini?"

Sikumjibu. Nilimwambia tufuatane.

Jina lenyewe ni la Kijaluo, nalo lina onyo ndani yake: thim ni msitu, lich ni kuogofya, na ohinga ni boma la mawe. Kuta zake, ambazo mahali pengine zapita mita 4 kwenda juu, zimesimama bila saruji wala udongo wa kugandishia. Mafundi walipanga safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati. Malango ni membamba na mafupi. Adui alilazimika kuingia mmoja mmoja, tena ameinama. Hata leo mgeni huinama vivyo hivyo, na sidhani kuna kibao kiwezacho kumfunza mtu heshima kuliko lango lile.

Mle ndani mpwa wangu aliokota kijiwe, akakitia mfukoni. Mzee mmoja wa pale alikuwa akimtazama. "Kijana wangu," akasema kwa upole, "hapa jiwe halichukuliwi. Lirudishe pale pale ulipolitoa."

Kijana akalirudisha, kisha akauliza, "Mzee, hasa ni nani waliojenga hapa?"

"Waliotutangulia," akajibiwa.

Mpwa wangu alidhani amenyimwa jibu. Waama, alikuwa amepewa jibu lililo sahihi. Wataalamu wanakadiria kwamba boma hili lilijengwa katika karne ya 16. Tangu hapo liliingiwa na kuhamwa na jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, hadi katika karne ya 20. Aliyekuja hakubomoa kazi ya aliyeondoka; alitengeneza palipobomoka, akaongeza alichohitaji, akaishi. Sisi wanaisimu tunajua jinsi Kikuria na Kijaluo zilivyo mbali kwa asili, kwamba hazina mama mmoja. Hata hivyo ukuta mmoja uliwasitiri wasemaji wa jamii zote mbili za lugha.

Serikali ya Kenya ilitangaza mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na UNESCO ikapaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni heshima kubwa. Lakini kabla ya sheria hizo kulikuwa na miiko na wazee wa kuisimamia, na jiwe lilibaki mahali pake kwa sababu ya neno la mzee.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Miiko hukaa katika lugha. Mzee akiondoka bila kusimulia, na kijana akikua akiamini kwamba kilima cha jirani hakimhusu, ukuta utabaki bila mlinzi hata ukizungushiwa ua wa chuma. Shule za Kegonga na Kehancha ziwapeleke watoto Thimlich, na masimulizi ya wazee yaandikwe kwa Kijaluo, kwa Kikuria na kwa Kiswahili, ili kila mtoto wa Migori ayasome kama mali yake.

Tuliporejea Kegonga usiku, dada yangu alimuuliza mwanawe alichokiona huko kwa Wajaluo.

"Mama," akajibu, "si kwa Wajaluo tu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliokaa Thimlich waliziba nyufa za ukuta ambao hawakuujenga wao. Nasi tunaoupokea leo tusiwe wa kwanza kuuacha uanguke.