Ulanzi, Komoni na Kimpumu Mikononi mwa Wanawake

Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, anayeingia kilabuni kunywa pombe ya kienyeji hupokewa na mwanamke. Mara nyingi huyo ndiye aliyeipika, aliyenunua kuni na atakayebeba hasara pombe isipouzika. Mtaji wake ni pipa, ndoo, chujio na ujuzi aliofundishwa na mama au shangazi. Biashara nyingi za vileo duniani zinashikwa na wanaume. Hii wanawake wameishika wenyewe bila kuombewa nafasi na mtu. Wameweza kuishika kwa sababu kuianza hakuhitaji fedha nyingi.

Ulanzi hutoka kwenye mianzi inayopandwa karibu na nyumba na mabondeni, hasa kwa Wahehe na Wabena. Wakati wa mvua, machipukizi yakiwa bado laini, mgema hukata ncha ya chipukizi na kukinga utomvu kwa mbeta, chombo kilichotengenezwa kwa kipande cha mwanzi. Asubuhi na jioni hurudi, akachonga ncha hiyo kidogo ili isizibe, kisha akamimina kilichokusanyika. Ukiwa mbichi, ulanzi ni mtamu na huitwa mtogwa. Chachu iliyomo hewani na ndani ya mbeta huanza kazi papo hapo, na baada ya muda mfupi mtogwa huwa mkangafu, ulanzi mkali unaolevya. Kugema kwa kawaida ni kazi ya wanaume. Kuuza ni kwa wanawake, ambao huununua kwa madumu na kuupeleka kilabuni au kando ya barabara. Biashara hii inakwenda mbio na muda: mtogwa usioisha leo utauzwa kesho kama mkangafu, lakini ukikaa zaidi unaelekea kuwa siki. Muuzaji anayejua kazi huonja mara kwa mara na kupanga dumu lipi litangulie. Ni hesabu ngumu, na wengi wanaoipiga hawajawahi kuitwa wafanyabiashara.

Mvua zikikatika, ulanzi nao hukauka. Komoni haina msimu. Hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi, na kazi huanza siku nyingi kabla mnywaji hajaiona. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hadi uote, huanikwa juani, kisha husagwa. Unga wa mahindi hupikwa kwenye pipa juu ya mafiga hadi uwe uji mzito, unaokorogwa kwa mti mrefu katikati ya moshi. Uji ukipoa hutiwa kimea na kuachwa uchachuke, halafu huchujwa. Machicha hayatupwi, hulishwa nguruwe, na mama mwenye nguruwe wawili watatu anajua kwamba wakati mwingine faida halisi imo bandani. Kwa Wanyakyusa kuna pia kimpumu, pombe ya ulezi inayowekwa kwenye chungu, ikaongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija na watu waliokizunguka. Wakati kimpumu na ulanzi vina makabila yake, komoni imekuwa ya wote, hasa mijini, ambako Msafwa, Mkinga na Mhehe huketi benchi moja.

Soko lilikuzwa na mishahara. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, yalivuta maelfu ya wanaume katika miaka ya 1930. Mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi yakakusanya vibarua, na kati ya 1970 na 1975 ujenzi wa reli ya TAZARA ukapita Mbeya. Palipo na wanaume wenye fedha mfukoni, mwanamke asiye na shamba lake, aliyeachika au aliyefiwa na mume, aliweza kupika pipa moja na kulipa ada ya mtoto. Faida hiyo haifuti madhara ya pombe. Pombe inayolipa ada katika nyumba moja humaliza unga katika nyumba nyingine, na mwenye kilabu hukopwa, hutukanwa na kushikwashikwa na walevi bila mlinzi. Uzito huo pia wanaubeba wanawake.

Sheria imeigawa biashara ya vilevi katika mafungu. Gongo, pombe kali ya kukenekwa, ilibanwa na sheria ya mwaka 1966. Pombe nyingine za kienyeji ziliwekwa chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayotaka leseni na saa maalumu za kuuza. Bangi, ambayo si pombe lakini nayo hulevya, imepigwa marufuku kabisa. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, kuilima kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30. Hata hivyo, ng'ambo ya mpaka mambo yamebadilika: Malawi, inayopakana na Kyela, iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa na ya viwandani mwaka 2020, na Zambia, iliyo ng'ambo ya Tunduma, ikafuata mwaka 2021.

Yaliyotokea katika bangi halali yanawahusu wapika komoni moja kwa moja, kwa kuwa yanaonyesha kinachoweza kuwapata wenye mtaji mdogo biashara inaporasimishwa. Zimbabwe iliporuhusu kilimo chake mwaka 2018, ada ya leseni ilikuwa dola 50,000, fedha ambazo mkulima mdogo hazioni maisha yake yote. Nchini Marekani, uchunguzi wa jarida la biashara hiyo ulikuta wanawake wakishika takriban asilimia 36 ya nafasi za juu mwaka 2015. Kufikia 2021, mitaji mikubwa ilipokwisha kuingia, walikuwa kama asilimia 22. Uhalali uliifanya biashara iwe ya heshima na ya gharama kwa wakati mmoja.

Mbeya ina kiwanda cha bia tangu 2009, na mpika komoni hashindani nacho kwa bei tu. Bia ina chupa, nembo na muda wa kukaa dukani. Ulanzi ukifungwa kwenye chupa bila kuchemshwa kwa joto linalopimwa, huendelea kuchachuka na chupa inaweza kupasuka. Ufundi huo unafundishika, na SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, lina ofisi Iringa na Mbeya. Kigumu ni jengo. Ukaguzi wa usalama wa chakula hutaka mahali pa uzalishaji pawe mbali na jiko la nyumbani, pawe na sakafu inayosafishika na maji ya uhakika, na mikopo ya halmashauri kwa wanawake hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mjane anayepika peke yake uani, pipa moja kwa wiki, hana jengo wala kikundi. Ndiyo maana wanaofikiria kuiboresha biashara hii wangeanza na jengo moja la pamoja katika kila kata, lenye mapipa, maji na kipimajoto, ambalo wapishi watalitumia kwa zamu na kila mmoja abaki na pombe yake na wateja wake.